Sauti Chini ya Mabati

Chelangat alitoka hospitalini mwezi wa saba akiwa mwepesi kama gunia tupu. Daktari alikuwa amemwambia bintiye jambo moja tu: mapafu ya mama yako hayawezi kustahimili baridi nyingine kama ile. Fancy, ambaye ni mwalimu huko Nakuru, alimrudisha mama yake nyumbani kwenye kilima kilicho nyuma ya Litein. Alipomlaza, alisimama katikati ya sebule, akainua kiganja juu kuelekea dari, kisha akakiteremsha taratibu hadi karibu na sakafu. Kila mahali alipokipitisha aliuhisi upepo.

Ilikuwa nyumba ya mbao, ya tangu enzi ambazo nyumba ya mbao ilikuwa fahari ya kijiji. Aliijenga mzee Mosonik, baba yake Kipkirui, mume wa Chelangat. Ilisimama juu ya nguzo fupi ili unyevu usile sakafu, na chini yake kulikuwa na uvungu ambao mtu mzima angeweza kuingia kwa kutambaa. Upepo uliotoka kwenye majani chai uliingia humo upande mmoja ukatokea upande wa pili, na njiani ukapenya kati ya mbao ukawapata watu miguuni. Juu kulikuwa na mabati, na chini ya mabati dari ya bodi nyembamba. Kati ya hivyo viwili hakukuwa na kitu isipokuwa utando wa buibui.

"Tubomoe, baba. Tujenge ya mawe," Fancy alisema. Alisema kwa sauti ya juu, kwa sababu Kipkirui alikuwa amefanya kazi kiwanda cha majani chai, upande wa mashine za kusagia, tangu ujana hadi kustaafu, na masikio yake yalibaki huko.

"Hii ni nyumba ya baba yangu," Kipkirui alijibu. "Mimi nikiondoka mtafanya mnavyotaka."

Basi Fancy akamtafuta fundi aliyeitwa Mokaya, mtu wa Kericho mjini, ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza vyumba baridi vya kuhifadhia maziwa. Mokaya aliizunguka nyumba, akagonga ukuta hapa na pale, akasema kinachozuia baridi isitoke kwenye chumba cha maziwa ndicho kinachoizuia isiingie kwenye chumba cha mgonjwa. Alirudi na pikapu iliyojaa marobota ya sufi ya njano, ile inayotengenezwa kwa nyuzi za kioo, pamoja na mbao nyeupe za povu gumu. Alijifunga kitambaa puani, akavaa mikono mirefu kwa sababu sufi ile huwasha mwili kama upupu, akapanda darini na kuanza kuilaza kati ya maboriti. Kipkirui alimshikia ngazi. Aliifurahia kazi ile, na kila jioni aliwasimulia majirani jinsi nyumba yake inavyovishwa sweta.

Dari ilipokwisha, Mokaya aliingia uvunguni kupachika yale mapovu chini ya sakafu. Alikuwa akisukuma nje kila alichokikuta: gambuti moja, mayai yaliyooza, mifupa iliyofichwa na mbwa. Chelangat, aliyekuwa ameketi juani na blanketi magotini, alikuwa akicheka mpaka fundi alipotoka na kikombe cha bati cha rangi ya samawati na soksi moja ya mtoto.

"Mama, huku kuna mtu alikuwa akilala?"

"Ni panya," Chelangat alisema.

"Panya wa hapa wanakunywa chai," Mokaya alisema, akarudi ndani kwa kutambaa.

Chelangat alivichukua vile vitu akavificha chini ya blanketi. Soksi ilikuwa ya mtoto wa Mokeira, rafiki yake anayeuza ndizi sokoni Litein, mtu wa Kisii aliyekuja huku kuolewa, akafukuzwa mara moja, akarudi. Mwaka ule wa vurugu za uchaguzi, nyumba za akina Mokeira zilipoanza kuteketea, Chelangat alimpitisha nyuma ya zizi akamwingiza uvunguni pamoja na mtoto wake mchanga. Aliwapitishia chakula kwenye ufa mpaka lori la polisi lilipokuja kuwachukua watu. Hakumwambia mumewe wakati ule, wala baadaye. Kipkirui alikuwa mzee wa kuheshimiwa, na vijana waliokuwa wakizunguka na petroli walimpitia langoni kumsalimu. Ndoa yao ilikuwa nzuri, lakini siku zile hukujua moyo wa mwenzako ungelalia upande gani. Basi alinyamaza, na kunyamaza kukawa mazoea. Soksi aliitia motoni. Kikombe akakiosha.

Sasa, Kipkirui naye alikuwa na mazoea yake. Huku mvua hunyesha karibu kila alasiri, na ikianza tu, yeye huinuka popote alipo, akaingia chumba cha nyuma ambamo huwekwa vikapu vya kuchumia chai na magunia ya mbolea, akajifungia. Alifanya hivyo tangu walipooana. Chelangat alipokuwa bi arusi alimuuliza mama mkwe, naye akamwambia, mwache, anaomba. Hakuna aliyewahi kuisikia sala yenyewe. Mvua ya Litein ikipiga mabati, mtu na mwenzake hawasikilizani hata wakikaa kiti kimoja. Inabidi umguse mwenzako bega ili akutazame mdomo. Kanisani walimsifu Kipkirui kwa sala zake za mvua, na yeye aliinamisha kichwa bila kusema lolote.

Mokaya alimaliza kazi Ijumaa. Jumamosi alasiri Chelangat alikuwa kitandani, katika chumba kinachopakana na kile cha nyuma, na kwa mara ya kwanza tangu atoke hospitalini miguu yake ilikuwa na joto. Aliona dirisha likichafuka kwa matone. Alisubiri kishindo cha mabati, kishindo hakikuja. Mvua ilisikika kwa mbali, kama mtu anayepepeta mchele nyumba ya pili. Alitabasamu. Akamsikia Kipkirui akiinuka sebuleni, akapita, akafunga mlango. Halafu ukutani, upande wa pili wa mbao, ikaja sauti ya mumewe, safi kama ya mtu aliyeketi kando ya kitanda.

Haikuwa sala. Haikuwa hata Kikipsigis, lugha yao ya nyumbani.

Ilikuwa lugha ya kule sokoni, lugha ya akina Mokeira, ambayo Chelangat alijua salamu zake na bei zake tu. Kipkirui alikuwa akiisema bila kukwama. Sauti yenyewe haikuwa ile aliyoizoea, ilikuwa imepanda juu, nyembamba, na mwisho wa kila sentensi iliinuka kama inayouliza. Alisema kitu, akanyamaza kama anayengoja ajibiwe, akasema tena. Mahali fulani alicheka kidogo. Alisema kwa nguvu, kama asemavyo mtu asiyejisikia, na Chelangat alielewa hapo hapo kwamba masikio yale ya kiwandani hayakuwa yamegundua kitu. Mzee alikuwa ameona maji dirishani, akaamini kelele iko palepale ilipokuwa siku zote.

Wazo lake la kwanza lilikuwa simu. Ana mwanamke, alijiambia, mwanamke wa Kisii, na humpigia wakati wa mvua. Aliteremka kitandani akishika ukuta, akachungulia sebuleni. Simu ya Kipkirui ilikuwa mezani, ikichajiwa. Chelangat aliitazama ile simu. Mwanamke angekuwa afadhali. Mwanamke ni jambo ambalo mtu huweza kulikasirikia.

Akarudi kuketi kitandani, na sauti ikaendelea. "Baba," ilisema. "Baba, ninche. Ninche Obure."

Mvua ilipokatika, Kipkirui alitoka, akaketi mezani. "Chai iko?" aliuliza, kama alivyouliza maisha yake yote. Chelangat alimmiminia. Hakuweza kumtazama machoni. Alitazama masikio yake, pua yake, mkono ulioshika kikombe, kama mtu anayemkagua mgeni aliyeingia nyumbani bila kubisha.

"Mbona unatetemeka?" Kipkirui alisema. "Na nyumba sasa ina joto."

"Ni dawa," Chelangat alisema.

Jumatatu alisema anataka kunyoosha miguu, akapanda bodaboda polepole hadi sokoni. Mokeira alikuwa nyuma ya mikungu yake ya ndizi. Alimpangusia kreti, akamketisha, akamkemea kwa kutoka mapema hivyo.

"Mokeira, 'ninche' ni nini?"

"Ni mimi. Mtu akibisha, ukiuliza ni nani, anasema hivyo."

"Na mtu akisema 'baba, ninche', ni kama anamwambia baba yake kwamba amefika?"

Mokeira alicheka. "Hapana, dada. Kwetu baba ni mama. Aliyekuzaa. Yule mwanamume tunamwita tata."

Chelangat aliweka mkono kifuani. Tangu Jumamosi alikuwa ameizoea picha ya mumewe akimwita mwanamume fulani gizani mwa akili yake. Sasa ikageuka. Alianza kuyatoa maneno mengine aliyoyakumbuka, kama sauti tu, bila kujua yanaanzia wapi na kuishia wapi. Mokeira alimsikiliza, mwanzo akitabasamu, halafu tabasamu likaondoka. Mteja alisimama mbele yao akishika ndizi, Mokeira hakumwona.

"Inasema, mama, niko hapa mlangoni. Sijaenda mbali. Nimekaa vile uliniambia nikae." Akamtazama Chelangat. "Umeyatoa wapi maneno haya?"

"Kwa redio."

"Hii si ya redio. Hivi ndivyo mtoto mdogo huongea, hata meno hayajang'oka. Mtu mkubwa hawezi kusema hivi."

Chelangat aliinuka kwenye kreti. Alirudi nyumbani na kichane cha ndizi alichopewa bure, akakisahau kwenye bodaboda.

Mvua iliyofuata ilinyesha siku ya pili yake. Chelangat alingoja mlango ufungwe, akangoja sauti ianze, kisha akaufungua. Kipkirui alikuwa ameketi sakafuni, mgongo umeegemea gunia la mbolea, uso umeelekea ukutani. Hakumsikia. Chelangat alipiga magoti nyuma yake, akasogeza mdomo karibu na sikio lake.

"Obure," alisema.

Mzee aligeuka upesi, kama mtoto aliyeitwa na mtu anayemjua, na uso wake ulikuwa umekwisha kufunguka kabla hajaona ni nani. Alipoona ni mkewe, ukajifunga. Chelangat alikuwa amepanga kumuuliza kwa ukali, lakini kuuona uso ule ukifunguka na kujifunga kulimwondolea ukali.

"Nani amekuambia jina hilo?"

"Wewe."

"Mimi sijawahi."

"Jumamosi. Na leo." Alinyoosha kidole juu. "Mvua haipigi kelele tena, Baba Fancy. Ile sufi imeinyamazisha. Ni wewe tu unayesikika."

Kipkirui aliitazama dari. Aliitazama kwa muda mrefu, kinywa wazi kidogo, kama mtu aliyeambiwa paa limeondolewa na yeye alikuwa akivua nguo. Halafu akafunika uso kwa mikono yote miwili.

Alisimulia akiwa vilevile, kwa hiyo Chelangat alilazimika kuinama ili ayapate maneno. Mama yake alikuwa mchumaji chai, aliyetoka Kisii kuja kutafuta kazi kwenye mashamba makubwa, wakaishi kwenye zile nyumba za safu za wafanyakazi. Jina lake Nyakerario. Siku moja aliugua, wakampakia kwenye trela la trekta pamoja na magunia ili apelekwe hospitali. Akiwa juu ya trela alimwambia, kaa hapa mlangoni, usiende mbali. Kipkirui alikuwa hajaanza shule. Alikaa. Majirani walimpa uji, kisha nyumba ikapewa mfanyakazi mwingine, naye akaendelea kukaa mlangoni kwa watu wasiomjua, mpaka mlinzi wa shamba akamshika mkono akaenda naye kwake. Mlinzi yule alikuwa Mosonik, na mke wake hakuwa amepata mtoto.

"Alinipenda," Kipkirui alisema. "Usije ukasema alikuwa mbaya. Alinipa jina, akanitahirisha, akanipa shamba. Lakini aliniambia nikilisema lile jina la zamani watu watakuja kunichukua. Nilikuwa mdogo, niliamini. Kwa hiyo nilikuwa nalisema wakati wa mvua tu, ili lisinipotee."

"Na mimi? Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Kabla ya harusi baba alisema wazee wa kwenu watakataa. Baada ya harusi nikaona, nitaanzia wapi? Halafu ukaja mwaka ule." Aliteremsha mikono. "Wale vijana walikuja pale langoni. Wakaniita mzee wao. Mmoja alinishika mkono, mkono unanuka petroli, nikawa natetemeka, akafikiri natetemeka kwa hasira kama yeye. Nilisimama tu. Nikaona moshi kwa akina Mokeira, nikasimama. Na ilikuwa Januari, hakukuwa na mvua. Sikuwa na mahali pa kusema."

Chelangat alisogea mbele yake, akamkazia macho. "Nimelala na nani miaka yote hii?" aliuliza.

"Na mimi," Kipkirui alisema. "Ni mimi tu."

Alisema kwa unyonge, na Chelangat akaona hana haki ya kumtazama hivyo alivyokuwa akimtazama. Akaweka kiganja sakafuni, kwenye mbao kati yao.

"Mokeira alikuwa hapa," alisema.

"Wapi?"

"Mwaka ule. Yeye na mtoto. Chini ya hii sakafu, mpaka polisi walipokuja. Sikukuambia kwa sababu nilikuogopa."

Hakumsikia vizuri, au hakukubali kusikia, akamtaka arudie. Aliporudia, Kipkirui alijisogeza nyuma upesi, akaondoa miguu yake juu ya mbao zile kama zinaunguza. "Uliniogopa mimi," alisema. Hakuuliza, alikuwa akiyajaribu maneno kama yanaweza kusimama. Wakabaki hivyo, wazee wawili kwenye sakafu ya chumba cha vikapu, mpaka dirisha likang'aa tena.

Walimwambia Fancy kwa simu. "Kwa hivyo mimi ni nani?" Fancy aliuliza, na mama yake akamwambia yeye ni Fancy, aje nyumbani mwisho wa muhula.

Mokeira hawakumwambia kwa simu. Kipkirui alisema huyo atamwambia mwenyewe, uso kwa uso. Siku aliyokuja Mokeira, mzee alivaa koti lake la kanisani, akaketi wima kitini. Mokeira aliingia na salamu zake za kawaida, akapewa chai, na alipokuwa akiinua kikombe, Kipkirui alimjibu ile salamu kwa Kikisii. Akaendelea. Akataja jina lake, na la mama yake. Mokeira aliteremsha kikombe, lakini hakikufika mezani, chai ikamwagika kwenye rinda lake na hakuipangusa.

Alimtazama Chelangat. "Redio," alisema.

"Nisamehe," Chelangat alisema.

Mokeira alimgeukia mzee. Alizungumza Kiswahili, polepole, na kwa sauti ya kutosha ili asikose hata neno. "Nilikuwa huku chini. Nilikuwa nasikia viatu vyako. Ukitoka sebuleni kwenda chumbani, nilikuwa najua. Nilimziba mtoto mdomo kwa mkono wangu wakati unapita, karibu nimuue, kwa sababu nilifikiri wewe ukijua tuko hapa, tumekwisha. Na kumbe juu yangu alikuwa anatembea mtoto wa kwetu."

Machozi yalimshuka Kipkirui, akayaacha.

Mokeira alisimama, akatoka nje. Kupitia dirishani walimwona akitembea hadi kwenye majani chai, akaingia katikati ya mistari, akasimama huko akiwapa mgongo. Chelangat alitaka kumfuata, mumewe akamshika mkono. Walidhani ataondoka kwa njia ya chini na kwamba hawatamwona tena nyumbani kwao, na hakuna ambaye angemlaumu. Alikaa huko mpaka chai ya mezani ikapoa. Kisha akarudi, miguu imelowa umande wa majani, akaketi palepale alipokuwa.

"Unaongea kama mtoto wa chekechea," alimwambia Kipkirui. "Hakuna mtu mzima husema hivyo. Wakikusikia kule watacheka."

"Nilijua hayo tu," Kipkirui alisema. "Sikukua nayo."

"Nitauliza kanisani kama kuna watu wa huyo Nyakerario wamebaki. Ni jina la wengi, usitumaini sana." Alivuta kiti karibu na sikio lake. "Sasa sema tena. Pale kwenye salamu umekosea."

Wakaanza. Mokeira alikuwa mwalimu mkali, alimrudisha nyuma kila alipoteleza, na Kipkirui alirudia kwa utiifu, koti lake la kanisani limefungwa vifungo vyote. Chelangat alikaa pembeni akimsikiliza mumewe akiwa mtu wa tatu, si yule aliyemwoa wala yule wa chumba cha vikapu. Bado hakuwa amemzoea. Hakujua kama atamzoea.

Wakati mmoja Kipkirui alikwama katikati ya sentensi. Alitafuta neno, akafumba macho, akalikosa.

"Kuna neno sikuwahi kuwa nalo," alimwambia Mokeira. "Niliondoka kabla halijanihusu. Mke. Unasemaje, mke wangu?"

Mokeira alimwambia. Kipkirui aligeuka kwa Chelangat, akalisema. Alilisema vibaya, kwa ulimi mzito wa Kikipsigis, na Mokeira akamwambia arudie.